Kufundisha Mawimbi: Sauti, Mwanga na Redio katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya hapa Sumbawanga, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la sauti. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na sauti yake ilisikika hadi dawati la mwisho. Ubaoni alikuwa amechora mnara wa redio upande mmoja, nyumba upande wa pili, na katikati mistari iliyopinda. Chini yake aliandika: "Sauti inasafiri kutoka Dar es Salaam." Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kama sauti inapita angani mpaka kwetu, mbona tukiwa shambani bila redio hatuisikii ikipita?" Mwanachuo akanyamaza kidogo, akasema kwamba hayo yatasomwa sekondari, kisha akafuta ubao.

Hatukumlaumu. Tuliporejea chuoni tuliwauliza wenzake swali lile lile, na wengi walijikwaa palepale. Kosa lilikuwa letu sisi wakufunzi. Tulikuwa tumewapa orodha mbili za sifa, moja ya mawimbi ya sauti na nyingine ya mawimbi ya sumakuumeme, nao wakazikariri kwa ajili ya mtihani. Hatukuwaonyesha jambo moja ambalo sifa zote hizo hutokana nalo.

Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo. Baada ya kuyasoma, mwalimu mtarajiwa aweze: kwanza, kueleza kinachotetema katika kila aina ya wimbi, pili, kumjibu mtoto aliyeuliza juu ya redio, tatu, kuandaa vipindi viwili kwa zana zinazopatikana kijijini, na nne, kuitumia elimu hiyo kuwalinda wanafunzi wake wakati wa radi. Hilo la nne si nyongeza ya kupamba somo. Kwetu sisi tuishio Izia na katika nyanda hizi zote za Ufipa, ndilo linaloweza kuokoa maisha ya watoto.

1. Wimbi ni nini?

Tuanze na yale ambayo aina zote mbili zinashirikiana. Wimbi ni msukosuko unaosafiri na kubeba nishati kutoka mahali hadi mahali, pasipo maada kuhama pamoja nao. Mtoto akitupa kokoto katika dimbwi lililotulia, duara za mawimbi hutanuka hadi ukingoni. Lakini jani linaloelea hupanda na kushuka papo hapo lilipo. Kilichofika ukingoni ni msukosuko, si maji ya katikati.

Kila wimbi lina urefu wake, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Lina pia idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi, na lina mwendokasi. Ukizidisha urefu wa wimbi kwa idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, unapata mwendokasi. Kanuni hii haibagui: inatawala sauti, mwanga na redio sawasawa. Kwa hiyo anayeitafuta tofauti ndani ya kanuni hii hataipata. Swali ambalo mwalimu hana budi kulishika tangu mwanzo hadi mwisho wa somo ni hili: ni kitu gani kinachotetema?

2. Sauti ni maada inayotetema

Katika shule zetu nyingi kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma. Hii ni zana bora kuliko picha yoyote ya kitabuni. Mwite mwanafunzi aiguse rimu kwa ncha ya kidole mara baada ya kugongwa, atahisi ikitetemeka. Mwambie aikamate kwa mikono miwili. Mtetemo utakoma, na sauti itakoma pamoja nao. Hapo darasa limejionea kwamba chanzo cha sauti ni mtetemo.

Rimu inapotetema huisukuma hewa iliyo karibu nayo, kisha huiachia. Chembe za hewa hubanana, halafu hutawanyika, na mbanano huo hupokezanwa kutoka chembe hadi chembe mpaka sikioni. Kila chembe huenda mbele kidogo na kurudi nyuma, katika mwelekeo uleule ambao wimbi linasafiri. Ili watoto walione jambo hili, wapange kumi katika mstari mmoja, kila mmoja ameweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake. Msukume wa mwisho polepole. Msukumo utapita hadi kwa wa kwanza, na hakuna atakayekuwa amehama. Kisha waondoe watoto watatu wa katikati, usukume tena. Msukumo utaishia kwenye pengo.

Pengo hilo ndilo kiini cha somo. Pasipo maada, sauti haina wa kumpokeza. Mwaka 1660 mwanasayansi Robert Boyle wa Uingereza alieleza jinsi sauti ya kitu kilichowekwa ndani ya chombo cha kioo inavyofifia kadiri hewa inavyotolewa. Mahali patupu pasipo hata hewa huitwa ombwe, na katika ombwe hakuna sauti. Wamarekani waliotembea mwezini mwaka 1969 walizungumza kwa redio hata walipokuwa wamesimama karibu karibu, kwa kuwa mwezini hamna hewa ya kupitisha sauti zao.

Mwendokasi wa sauti hutegemea maada inamopita. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Katika nyuzi 0 huenda mita 331. Kwa hesabu za darasani tuchukue mita 340. Katika maji huenda kiasi cha mita 1,480 kwa sekunde, na katika chuma cha pua zaidi ya mita 5,000. Wanachuo wengine hudhani kwamba huku juu Ufipa sauti hupunguza mwendo kwa sababu hewa ni nyepesi. Sivyo. Katika hewa, jambo linalobadili mwendo wa sauti hasa ni joto. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai sauti hapa Sumbawanga huenda polepole kidogo kuliko mchana wa Dar es Salaam, nayo ni kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya mwinuko.

3. Mawimbi ya sumakuumeme hayahitaji maada

Weka msumari juu ya meza, kisha sogeza sumaku karibu bila kuugusa. Msumari unavutwa. Kuna nafasi kuizunguka sumaku ambamo nguvu yake hufanya kazi. Nafasi hiyo tunaiita uga wa sumaku. Vivyo hivyo kitu chenye chaji ya umeme kina uga wa umeme. Kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kavu kikavuta vipande vya karatasi kinatuonyesha uga huo.

Katika wimbi la sumakuumeme kinachotetema si hewa, wala maji, wala chuma. Kinachotetema ni uga wa umeme na uga wa sumaku, kila mmoja ukiuzalisha mwenzake kadiri wimbi linavyosonga mbele. Nao hutetema kwa kukingama na njia ya wimbi, mithili ya kamba inayotikiswa juu na chini huku wimbi likikimbia kuelekea upande wa pili. Lakini mwalimu awaonye watoto kwamba kamba ni mfano wa umbo tu. Kamba ni maada. Wimbi la sumakuumeme halihitaji kamba.

James Clerk Maxwell wa Scotland aliyachapisha maelezo ya mawimbi haya kwa njia ya hesabu mwaka 1865, akaonyesha kwamba mwanga ni mmoja wa jamaa hiyo. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Heinrich Hertz wa Ujerumani aliyazalisha mawimbi ya redio katika maabara yake na kuyapokea upande wa pili wa chumba. Jina lake ndilo lililopewa kipimo cha hezi. Leo tunajua kwamba mawimbi ya redio, joto linalotoka kwenye makaa, mwanga tunaoona na eksirei za hospitalini ni ndugu wa baba mmoja. Wanachotofautiana ni urefu na idadi ya mitetemo.

Kwa kuwa mawimbi haya hayahitaji maada, hupita katika ombwe bila kizuizi, na humo huenda kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde. Katika hewa mwendo huo haupungui kwa kiasi cha kuhangaisha mtu. Jua lipo kiasi cha kilomita milioni 150 kutoka kwetu, na mwanga wake hutufikia kwa muda wa dakika 8 na sekunde 20 hivi. Kati yake na dunia pana ombwe karibu tupu. Ndiyo maana tunaliona jua na kuhisi joto lake, lakini hatulisikii.

4. Jibu la swali la mtoto

Sasa turudi kwa mtoto aliyeuliza mbona hasikii redio shambani. Jibu ni kwamba kinachopita juu ya shamba si sauti. Mtangazaji anapozungumza, sauti yake huishia palepale studio, katika kipaza sauti. Humo mtetemo wa hewa hugeuzwa kuwa mtetemo wa umeme. Mtambo wa mnarani huichukua alama ya mtetemo huo na kuiweka juu ya wimbi la sumakuumeme, ambalo hutawanyika angani. Antena ya redio nyumbani hulipokea wimbi, redio huichambua ile alama, na kipaza sauti cha redio huisukuma hewa ya sebuleni. Hapo ndipo sauti inapozaliwa upya. Sikio la mtu haliwezi kuhisi wimbi la sumakuumeme, kwa hiyo aliye shambani bila redio hasikii lolote, ingawa wimbi linampitia mwilini.

Mfano wa barua huwafaa watoto. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kumwambia nduguye aliye Sumbawanga neno, huliandika katika karatasi, na basi huileta karatasi hiyo. Abiria wa njiani hawasikii maneno, kwa kuwa maneno hayakupanda basi. Iliyopanda ni karatasi yenye alama za maneno. Nduguye akiifungua na kuisoma kwa sauti, maneno husikika tena. Wimbi la redio ni lile basi; redio ni yule msomaji.

Hesabu ndogo itakaza jambo hili. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 850 hivi. Wimbi la redio huumaliza umbali huo katika muda usiozidi elfu tatu za sekunde, yaani sekunde 0.003. Sauti yenyewe, kama ingeweza kufika bila kufifia, ingechukua sekunde 2,500, nazo ni karibu dakika 42. Taarifa ya habari inayoanza saa 2:00 usiku ingetufikia saa 2:42, mtangazaji ameshakwenda nyumbani kwake. Kwa miongo mingi baada ya matangazo kuanza Dar es Salaam mwaka 1951, na katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliyokusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza kwa redio, wasikilizaji wa mikoa ya mbali walipokea neno kwa wakati uleule na wa mjini. Jambo hilo lisingewezekana kama redio ingerusha sauti. Siku hizi vituo vingi hupeleka matangazo kwanza kwenye setilaiti, ndipo yashuke kwenye minara ya mikoani. Njia hiyo ndefu na mitambo yake huchelewesha kidogo, lakini hapana dakika 42.

5. Mtego wa idadi ya mitetemo

Kosa lingine tunaloliona katika maandalio ya somo ni kudhani kwamba sauti ikitetema haraka mno hugeuka kuwa wimbi la redio. Wanachuo husoma kwamba sikio la binadamu husikia kati ya hezi 20 na hezi 20,000, kisha huona kwamba redio hutumia hezi mamilioni, na huunganisha mambo mawili yasiyoungana.

Chukua mfano wa hospitali. Mama mjamzito hupimwa kwa chombo kinachoonyesha picha ya mtoto tumboni. Chombo hicho hutumia sauti ya hezi milioni kadhaa. Hatuisikii, lakini ni sauti: ni mbanano unaopita katika nyama na maji ya mwili na kurudi kama mwangwi. Aliyevunjika mguu naye hupigwa eksirei, ambayo ni wimbi la sumakuumeme. Vyumba viwili vya hospitali moja, picha mbili, na jamaa mbili tofauti kabisa za mawimbi.

Linganisha pia mawimbi mawili yenye idadi ileile ya mitetemo, hezi milioni moja. Sauti ya kiasi hicho ndani ya mwili ina urefu wa milimita moja na nusu hivi. Wimbi la redio la kiasi hichohicho, ambalo ni la masafa ya kati, lina urefu wa mita 300, yaani viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu. Idadi ya mitetemo ni moja, lakini kinachotetema si kimoja. Ndiyo sababu mwendo na urefu vinaachana mno.

Baada ya hapo mwalimu anaweza kuandika muhtasari ubaoni, nao utakuwa na maana:

(a) Katika sauti hutetema maada. Katika mawimbi ya sumakuumeme hutetema uga wa umeme na wa sumaku.
(b) Sauti haipiti katika ombwe. Mawimbi ya sumakuumeme hupita.
(c) Katika hewa sauti hutetema mbele na nyuma kwenye njia yake. Mawimbi ya sumakuumeme hutetema kwa kukingama na njia yake.
(d) Sauti hewani huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde; mawimbi ya sumakuumeme huenda kiasi cha mita milioni 300 kwa sekunde.
(e) Sauti huongeza mwendo iingiapo katika maji au chuma. Mwanga hupunguza mwendo uingiapo katika maji au kioo.

Sifa (b) hadi (e) zote ni matunda ya sifa (a). Atakayelishika la kwanza hatahitaji kukariri mengine.

6. Radi: mwalimu wa nyanda za Ufipa

Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hujikusanya juu ya milima ya Mbizi na juu ya bonde la Ziwa Rukwa, na radi hupiga. Hakuna maabara inayoonyesha tofauti ya mawimbi haya vizuri kuliko hiyo. Radi ni mkondo mkubwa wa umeme unaoruka kati ya mawingu, au kati ya wingu na ardhi. Kwa tukio hilo moja hutoka wajumbe watatu. Wa kwanza ni mwanga. Wa pili ni mawimbi ya redio. Wa tatu ni ngurumo, inayotokea kwa sababu hewa kwenye njia ya radi hupashwa joto la ghafla, nyuzi zipatazo 30,000, ikatanuka kwa kishindo.

Washa redio ya zamani yenye masafa ya kati, uielekeze mahali pasipo na kituo, ukiwa umeketi ndani ya nyumba na radi ikiwa mbali bado. Mwanga utakapoonekana, redio itakwaruza papo hapo. Ngurumo itafuata baadaye. Mwanga na mkwaruzo hufika pamoja kwa kuwa ni ndugu. Ngurumo huchelewa kwa kuwa si wa jamaa yao. Kwa umbali wa kilomita 5, mwanga hutumia sehemu kama 17 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja, ilhali ngurumo hutumia sekunde 15 hivi. Redio za FM hazifai kwa jaribio hili, kwani hutengenezwa ili zisipokee mikwaruzo ya namna hiyo.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kuhesabu. Hesabu sekunde tangu mwanga hadi ngurumo, ugawanye kwa 3, utapata umbali wa radi kwa kilomita. Asiye na saa afunge jiwe dogo kwenye uzi wa mita moja na kulibembeza. Kutoka upande mmoja hadi wa pili ni sekunde moja.

Sasa tuseme wazi linalotusukuma kuandika. Mwezi Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, radi iliwaua watoto 18. Mwezi Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Shule ni mahali ambapo watoto wengi wako pamoja, na aghalabu mtu mzima mmoja ndiye anayeamua waendelee na kazi ya shamba au waingie ndani. Mtu huyo ni wewe, mwalimu.

Zishike basi kanuni hizi. Ukihesabu sekunde 30 au pungufu kati ya mwanga na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10. Watoto watoke uwanjani na shambani mara moja. Usipoweza kuhesabu, ngurumo yenyewe itoshe kuwa amri. Wasirudi nje mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasikimbilie chini ya mti, wala kwenye kibanda cha nyasi. Nyumba imara yenye nyaya za umeme na mabomba yaliyozikwa ardhini ni salama zaidi, na gari lililofungwa lenye paa la bati ni salama pia. Watoto wakae mbali na kuta, madirisha, nyaya na mabomba. Lakini darasa lisilo na kinga ya radi halitoshi kuitwa salama. Kwa hiyo mwalimu mkuu na kamati ya shule waombwe kuweka chuma cha juu ya paa, waya mnene wa kushukia na chuma kilichozikwa ardhini, vifungwe na fundi anayeijua kazi hiyo.

Jambo jingine linahitaji hekima. Wengi hulifasiri jina la mji wetu kuwa ni "tupa uchawi", na kote nchini watu hututania kwamba tunatuma radi. Mtoto atakuambia darasani kwamba radi fulani ilitumwa na bibi fulani. Usimcheke, wala usimkaripie, wala usibishane na wazazi wake mbele yake. Tukiri pia kwamba hesabu ya sekunde peke yake haimjibu anayesema radi imetumwa. Lakini mwalimu aweza kuwapeleka watoto, siku ya jua, pale radi ilipopiga, na kuwauliza: Hapa pana nini kirefu? Pameinuka kiasi gani? Kuna mti, mlingoti, au nyumba ya peke yake? Watoto watagundua kwamba radi hupendelea vilivyoinuka na vilivyo wazi. Katika nchi yetu wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mtoto aliyezoea kuuliza habari za mti na mlima kabla ya kutaja jina la jirani ameshajifunza sayansi, na huenda siku moja akamwokoa mzee.

7. Mpango wa vipindi viwili

Zana: rimu ya shule, saa ya mezani yenye mlio, redio ndogo ya betri, sufuria yenye mfuniko, blanketi, kamba ya mita 10, sumaku, msumari, uzi na jiwe.

Kipindi cha kwanza (dakika 40). Anza kwa rimu na mstari wa watoto kumi, kama tulivyoeleza. Kisha toka nje siku isiyo na mawingu ya mvua. Pima mita 340 kwa kamba, umweke mwanafunzi mmoja mwisho wake akigonga mabati au mbao mbili kwa nguvu, mikono ikiinuliwa juu ionekane. Darasa litaona mgongano kwanza, na kusikia mlio baada ya sekunde moja. Uwanja ukiwa mfupi, mita 170 zitatoa nusu sekunde, nayo huonekana. Waulize: nani alitangulia, mjumbe wa jicho au mjumbe wa sikio?

Kipindi cha pili (dakika 40). Weka saa inayolia ndani ya sufuria, ufunike. Mlio utapungua lakini utasikika. Weka redio inayosema ndani ya sufuria hiyohiyo, ufunike vizuri. Kituo kitapotea au kitakwaruza. Kisha ifunike redio kwa blanketi: sauti itapungua, lakini kituo hakitapotea. Watoto waeleze wenyewe sababu. Chuma kimelizuia wimbi la sumakuumeme lisiifikie antena, ilhali mlio wa saa umeitikisa sufuria yenyewe na kutoka nje. Blanketi limeinyonya sauti, lakini halikulizuia wimbi. Jaribu haya yote nyumbani kabla ya somo, maana kituo chenye nguvu hupenya hata mahali mfuniko usipokaa sawa. Malizia kwa mfano wa barua na kanuni za radi.

Tathmini. Usiwaulize watoto wataje tofauti tano. Waulize maswali ya kufikiri, mathalani:

(i) Mtu aliye mwezini akipiga ngoma, mwenzake ataiona ikipigwa? Ataisikia?
(ii) Umeona mwanga wa radi, ukahesabu sekunde 12 ndipo ngurumo ikasikika. Radi iko umbali gani? Utafanya nini?
(iii) Usiku unaona mwanga wa radi ukimulika juu ya bonde la Rukwa, lakini husikii ngurumo. Je, radi hiyo haina ngurumo?

Jibu la swali la tatu ni kwamba ngurumo ipo, ila imefifia njiani. Mara chache ngurumo husikika ng'ambo ya kilomita 20 hivi. Mwanga umeumaliza mwendo huo bila shida.

Hitimisho

Yule mwanachuo wetu alirudi katika darasa lile wiki iliyofuata. Alimwita mtoto aliyeuliza, akamweleza mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa zuri na kwamba mwalimu alikuwa hajajiandaa kulijibu. Ndipo akatoa redio na sufuria. Tulimpa alama nzuri kwa kipindi hicho, na zaidi kwa ule ungamo wake.

Mwalimu mtarajiwa, watoto wa Ufipa watakuuliza mambo usiyoyajua. Usifute ubao. Rudi kwenye swali la msingi, ni kitu gani kinachotetema, na majibu mengi yatajipanga yenyewe. Na mawingu yatakapotanda juu ya uwanja wa shule yako, uwe na jiwe na uzi karibu, uhesabu, uwaite watoto ndani mapema.